Kata Sawa na Udongo

Orodha ilikuwa na mashamba kumi na moja, na la mama mkwe wake Tupa lilisomwa la mwisho.

Mkutano wa wakulima wa miwa ulifanyika kwenye uwanja wa mizani, pale matrela yanapopimwa kabla ya kwenda kiwandani, kwa kuwa chama hakikuwa na ukumbi. Watu walikalia matairi mabovu na makreti. Katibu, mtu mwembamba mwenye sauti ya puani, alisimama kwenye ngazi ya kibanda cha karani akawa anasoma kila shamba na mavuno yake kama daktari anayesoma majibu ya maabara.

"Shamba namba arobaini na tatu. Ekari mbili. Mwaka juzi, tani ishirini na nane kwa ekari. Mwaka jana, ishirini na mbili. Makadirio ya mwaka huu, kumi na saba." Akatazama watu juu ya miwani. "Shamba limechoka."

Chama kilikuwa kimekata shauri: shamba lolote lililoshuka chini ya tani ishirini na tano litaondolewa kwenye zamu za kuvunwa. Mwenyewe ang'oe mashina yote na kupanda upya kwa gharama yake, au alikodishe kwa mwenye uwezo.

"Limechoka kama mwenyewe," mtu mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapita uwanjani.

Mama mkwe naye akacheka. Alikuwa na miaka sitini na minane, na shamba hilo alilipanda kwa mikono yake akiwa na marehemu mumewe, kisha akalipanda tena miaka minne iliyopita kwa mikono yake peke yake. Tupa, aliyekaa kando yake, aliuona mkono wa yule mama ukiuvuta mtandio mpaka ukafunika kidevu. Kicheko kile hakikufika machoni.

Tupa alikuwa mkata miwa. Miaka kumi na miwili alikuwa kwenye genge la kukata, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tupa ya kunolea panga, ameichomeka kiunoni. Hakuwa msemaji. Mumewe alizoea kusema kwamba ukitaka neno kutoka kwa mkewe uagize mapema. Lakini siku ile alijikuta amesimama.

"Naomba niseme. Shamba halijachoka. Mashina yake yana miaka minne tu. Yamekatwa vibaya."

Nyapara wa genge, mtu mnene aliyependa kusimama mikono ikiwa imepumzika juu ya tumbo, akageuka taratibu. Genge lake ndilo lililokata mashamba yote ya wanachama.

"Yamekatwa vibaya na nani?"

"Na sisi," Tupa alisema. "Na mimi nikiwemo."

Watu walicheka tena, ila sasa walikuwa wanasikiliza.

"Tunakata juu, karibu na goti, kwa sababu tunahesabiwa mistari, na kuinama kunachelewesha. Mapanga ni butu, kisiki kinapasuka, kinaingia maji, kinaoza. Kabla ya hapo tumeshachoma moto, udongo uko uchi. Halafu mvua ikinyesha, hatungoji ukauke. Trekta linaingia hivyo hivyo, linakanyaga mashina..."

Hapo akakwama. Dereva wa trekta alikuwa mumewe. Alikuwa ameegemea trela lake hatua kumi kutoka pale, anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyezoea kumaliza ugomvi kabla haujakomaa, akauliza, "Unataka nini hasa, mama?"

"Mwaka huu tulikate wenyewe. Mtupe msimu mmoja. Mwakani mpime."

Mwenyekiti alinong'ona na katibu. "Msimu mmoja," akasema. "Zisipofika ishirini na tano kwa ekari, shamba linatoka kwenye zamu za kuvunwa, na mjadala umefungwa." Katibu akaandika.

Nyapara alingoja watu waanze kuinuka ndipo akasogea. Hakuinua sauti.

"Kesho usije kazini," alisema. "Mapanga yetu ni butu, yatakuudhi." Akawageukia vijana wake. "Leo Tupa nimeitupa."

Genge likacheka, kwa kuwa halikuwa na la kufanya zaidi ya kucheka.

Nyumbani, vyumba viwili na kibaraza, dereva alikuwa anajisugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Alisugua muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji.

"Ungenitaja jina kabisa," alisema.

"Sikukutaja."

"Ulinyamaza ukanitazama. Hiyo ndiyo kutaja."

"Basi nisamehe kwa kukutazama. Lakini hukanyagi?"

Dereva alimwaga maji ya beseni uani. "Mimi naambiwa ingia, naingia. Nisipoingia, analetwa mwingine anaingia, na mimi nabaki na leseni mfukoni. Sasa kazi yako imekwenda. Unataka na yangu iende, tukae wote hapa tutazamane?"

Watoto wawili, waliokuwa wanafanya hesabu za shule sakafuni, waliinama zaidi juu ya madaftari yao.

"Mama," dereva akamgeukia mama yake, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, "hata wewe unamsikiliza huyu?"

Bibi aliokota kijiwe, akakitupa uani. "Mimi leo nimeambiwa mbele za watu kwamba nimechoka. Huyu peke yake ndiye aliyesema nimekatwa vibaya. Ungekuwa wewe ungemsikiliza nani?"

Dereva akaenda kuketi nje, na mwisho chai yake ilipelekwa hukohuko.

Kesho yake asubuhi wanawake hao wawili walikuwa shambani na jembe. Miwa yenyewe ilitia huruma. Ilikuwa myembamba, imelala huku na huku, na kati ya shina na shina kulikuwa na mapengo ambayo mtoto angeweza kuchezea mpira. Tupa alichagua shina moja baya, akalizungushia jembe, akaling'oa zima na udongo wake, akaliweka miguuni pa mama mkwe.

"Tazama hapa, mama."

Muwa ukikatwa haufi. Shina hubaki ardhini, likachipua tena, na mwakani ukavuna bila kupanda. Hayo ndiyo wakulima wanayoyaita maotea. Lakini shina hili lilikuwa na visiki virefu vya mwaka jana, vimepasuka vichwa, vimeoza ndani kwa rangi ya matofali. Miwa ya mwaka huu ilikuwa imechipua kutoka kwenye visiki hivyo, juu ya ardhi, na mizizi yake ilikuwa inaning'inia hewani, imekauka kama nyuzi za gunia.

"Huu hauli ardhini," Tupa alisema. "Umepanda mgongoni kwa mwenzake, unanyonya kilichobaki. Upepo ukija, chini."

Kisha akaupangusa udongo sehemu ya chini. Pale, kwenye pingili fupi zilizofukiwa, kulikuwa na macho: vijicho vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, vimekaa kimoja kimoja, vibichi.

Bibi aliingiza kidole gumba, akaligusa jicho moja. "Hili zima."

"Yote mazima. Yamelala. Tukikata sawa na udongo, hakuna cha juu cha kuchipua, yataamka haya, na kila moja litatoa mizizi yake lenyewe."

"Mimi na marehemu tulikuwa tunakata hivyo," bibi alisema. "Hatukuwa tunajua habari za macho. Tulikuwa tunaona hasara tu kuacha utamu shambani. Huku chini ndiko kwenye sukari."

Kazi ilianza wiki ile. Tupa aliwaomba wanawake wawili walioacha genge zamani, mmoja jirani yake na mwingine mrefu mno, aliyesema kwamba akiinama mpaka chini atahitaji nauli ya kurudi juu. Hawakuchoma moto. Majani mabichi ya miwa yanakata kama wembe, kwa hiyo walivaa soksi kuukuu mikononi, zilizotobolewa mahali pa vidole. Bibi alikaa juu ya debe kwenye kivuli cha miwa yenyewe na tupa mbili, na kila panga lililofika kwake lilirudi linang'aa. Lililopiga mara thelathini lilipelekwa tena, liwe limepoteza makali au halijapoteza.

Walikata wakiwa wameinama kabisa, panga likipita pale udongo unapoanzia. Baada yao Tupa alipita na jembe, akakata visiki vya zamani vilivyosimama, mpaka mstari wote ukawa laini ukiupapasa. Majani makavu waliyapanga katikati ya mistari, wakaacha vichwa vya mashina wazi. Genge zima lingemaliza shamba lile kwa siku moja. Wao siku tatu zilipita wamefika nusu tu, na migongo yao usiku haikukubali kulala upande wowote.

Waliopita njiani hawakuacha kusema. Mmoja aliuliza kama wananyoa shamba au wanavuna. Mwingine akasema bibi amepata wakwe wa kumtafutia sindano iliyopotea.

Siku nne dereva alikuja na trela, akapakia kutoka pembeni, ardhi ikiwa kavu, hasemi na mkewe ila kwa mambo ya kazi. Siku ya tano, zikiwa zimebaki upande wa bondeni tani kama nane zilizokatwa lakini hazijapakiwa, mvua ilinyesha alasiri nzima.

Asubuhi trekta lilikuja likaelekeza pua shambani. Tupa akasimama mbele yake.

"Sogea," dereva alisema kutoka juu.

"Udongo umelowa."

"Nauona."

"Ukiingia unaua mistari minane. Mistari minane ya mama yako."

"Nisipoingia miwa italala hapa. Zamu yenu inaisha leo, kesho ni ya wengine. Ikilala siku tatu kiwanda hakiipokei. Unataka nifanyeje, niruke?"

"Kaa barabarani. Tutaibeba."

"Tani nane? Wanawake wanne, na mmoja wao ni bibi?"

Kabla hajajibiwa, pikipiki ilisimama nyuma ya trela. Nyapara alikuwa kwenye mzunguko wake wa asubuhi. Alitazama trekta, akamtazama Tupa aliyesimama kwenye tope mpaka vifundoni, akatabasamu.

"Dereva, kuna shida? Nikuletee mwanamume akusaidie kuingia?"

Dereva alikaza mikono kwenye usukani. Tupa aliona shingo yake inabadilika rangi. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne, na aliijua shingo ile. Ilikuwa hivyo siku alipofukuzwa karakana ya kwanza, na siku mtoto wao mkubwa alipolazwa. Alingoja.

Injini ilinguruma. Trekta likarudi nyuma, likapiga kona, likaelekea barabarani, na Tupa akajua mumewe anaondoka. Alijiinamia akaanza kufunga mzigo, kwa kuwa miwa haikujua kama kuna dereva au hakuna. Kisha injini ikazimwa. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa anakuja anakanyaga katikati ya mistari, juu ya majani makavu, amevua shati na kulizungusha kichwani kama kata ya kubebea mzigo.

"Mnafunga miwa mingapi kwa mzigo?" aliuliza.

"Kumi na mitano."

"Mimi nifungieni ishirini."

Alijitwisha, akatoka nayo mpaka barabarani, hatua mia mbili, akapita mbele ya pikipiki bila kugeuka.

"Leo nimeona mambo," nyapara alisema kwa sauti ya kusikika. "Dereva amegeuka punda wa mkewe."

Dereva aliupandisha mzigo kwenye trela, akajifuta jasho kwa kiganja. "Punda hachimbi mitaro kwenye shamba la mama yake," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naichimba kwa trekta." Akarudi kuchukua mwingine.

Walibeba tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Yule mwanamke mrefu aliacha kufanya utani mnamo saa nane, na hapo ndipo Tupa alipojua kwamba hali ni ngumu. Saa tisa walitokea vijana wawili wa genge, wametoka kazini na mapanga yao bado mkononi. Hawakusema nani kawatuma wala kama wametumwa. Waliinama, wakajitwisha. Mzigo wa mwisho ulipofika kwenye trela, dereva alikaa chini barabarani, miguu ameinyoosha, hawezi kufungua kiganja.

"Nimeendesha trekta miaka tisa," alimwambia mkewe. "Sikuwahi kujua kwamba muwa ni mzito."

Tupa alimfungua vidole kimoja kimoja, akavimwagia maji.

Baada ya hapo kukawa na kungoja, na kungoja kulikuwa kubaya kuliko kubeba.

Shamba la jirani wa upande wa pili lilichomwa na kukatwa na genge siku zilezile. Siku ya kumi na mbili lilikuwa limeshaota kijani, vichipukizi vimejitokeza kwenye kila kisiki kama ndevu. La bibi lilikuwa kahawia tupu.

"Mmelitandikia godoro," jirani alisema kutoka kwenye mpaka, kwa upole wa mtu anayeshinda. "Acheni lilale."

Tupa sasa alikuwa anapalilia mashamba ya watu kwa kibarua. Kila asubuhi alikutana na genge njiani, na nyapara hakuacha kumuuliza mbele ya wote kama mapanga ya huko aliko yana makali ya kumtosha. Aliitikia salamu, akapita. Nyumbani hakuna aliyemuuliza kitu, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Mama mkwe wake alikwenda shambani kila siku alfajiri na fimbo, akafunua majani, akachungulia, akayarudisha, akarudi anaulizia habari za maharage. Siku ya ishirini alirudi akakaa kitandani na viatu.

"Nimefanya kosa, mama?" Tupa alimwuliza.

"Sijui, mwanangu," bibi alisema. "Lakini kama ni kosa, ni langu na lako. Usilibebe peke yako."

Siku ya ishirini na nne bibi hakurudi nyumbani. Alimfuata Tupa mpaka kwenye shamba la watu alikokuwa anapalilia, anahema, fimbo ameisahau huko, akamshika mkono. "Njoo," alisema, akamvuta mpaka shambani kwao.

Machipukizi yalikuwa yametoka ardhini. Hayakukaa juu ya kitu chochote. Yalikuwa yamepasua udongo wenyewe, manene kama kidole gumba, yamesimama wima kama misumari. Tupa alipiga magoti akahesabu shina la kwanza: tisa. La pili: kumi na moja. Alihesabu mstari mzima kwa magoti, na bibi nyuma yake akihesabu tena kama mtu asiyeamini chenji. Kisha wakafika kwenye zile njia za zamani za magurudumu. Palikuwa patupu. Tupa alichimbua vipande vya mashina yaliyojaa, akajazia mapengo moja baada ya jingine, na jioni ile dereva alikuja na ndoo za maji bila kuambiwa.

Kiangazi kilikuja kikali. Miezi miwili hapakunyesha, halafu upepo. Vichipukizi vya jirani, vilivyokuwa vimetangulia kwa fahari, vilianza kuning'inia kwenye visiki vyake, vikalala, vikawa njano. Chini ya majani ya shamba la bibi udongo ulikuwa na unyevu, ukiufinyanga unashikana. Siku moja jirani alivuka mpaka. Alisimama muda mrefu akitazama chini, kisha akafunua majani kwa mguu wake mwenyewe.

"Hili godoro," alisema, "nilikuwa natania."

"Tulijua," bibi akamwambia. "Keti tukuonyeshe."

Mwaka ulipozunguka walikata tena, kwa namna ileile. Safari hii walikuwa kumi na wawili, kwa kuwa jirani alileta watu wake na wale vijana wawili wa genge waliomba ruhusa ya siku tatu, wakanyimwa, wakaja hata hivyo. Dereva aliendesha kwenye ukingo tu. Mtu akimwambia aingie kidogo alizima injini na kuanza kupiga miluzi.

Trela la nane, la mwisho, lilipanda kwenye mizani saa saba mchana. Habari zilikuwa zimetangulia, na uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko siku ya mkutano. Karani alisoma, akajumlisha, akamwita katibu. Katibu naye akajumlisha. Akavua miwani, akaifuta, akajumlisha tena.

"Lirudishwe lipimwe upya," alisema.

Likarudishwa, likapimwa. Kipimo kilikuwa kilekile.

"Wamekata mpaka kwenye matope," nyapara alisema. "Hapo mnapima udongo. Fungueni mizigo."

Wakafunguliwa mizigo mitano, mmoja mmoja, mbele za watu, kana kwamba wameiba. Mwenyekiti alichukua muwa akaugeuza. Tako lake lilikuwa jeupe, limekatwa mara moja, safi, bila chembe ya udongo. Akachukua mwingine, na mwingine. Mwishowe alimenya kipande cha chini kwa kisu chake cha mfukoni, akakitafuna polepole, uwanja mzima ukimtazama anavyotafuna.

"Katibu," alisema, na mdomo ukiwa bado umejaa. "Soma."

"Shamba namba arobaini na tatu. Ekari mbili." Sauti ya puani ilikwama kidogo. "Tani sitini na sita na nusu. Thelathini na tatu kwa ekari, na kidogo juu."

Yule mwanamke mrefu alipiga kigelegele kilichowashtua hata waliokuwa wanakingoja, na uwanja ukalipuka. Watu walimzunguka bibi, wakamshika mabega, wakamshika mikono. Yeye alikuwa anauliza tu, "Ngapi? Rudia, ngapi?" kwa sauti kubwa, na kila aliyemjibu alijibu kwa sauti kubwa zaidi, na Tupa aligundua kwamba mama mkwe wake amesikia vizuri tangu mara ya kwanza.

Mwenyekiti aliinua mkono mpaka watu wakatulia. Alisema chama kingependa mashamba yote kumi na moja ya ile orodha ya mwaka jana yarudishwe kwenye zamu, yakatwe namna hiyo, na kwamba Tupa asimamie.

"Na muda wa kuinama nani ataulipa?" nyapara aliuliza. "Vijana wangu wana watoto."

Watu waligeuka kumtazama Tupa. Alikuwa amelifikiria swali hilo mwaka mzima, kwenye mashamba ya watu, jembe mkononi.

"Hilo ni swali la haki," alisema. "Sisi tunakata juu kwa sababu tunahesabiwa mistari. Tuhesabiwe uzito. Anayeinama atabeba zaidi, atalipwa zaidi, na shina litabaki zima. Chama kitoe tupa, moja kwa kila watu wawili. Na trekta lisiingie kwenye tope, hata aje nani na pikipiki gani. Mkikubali, nasimamia. Msipokubali, nina shamba la mama yangu, linanitosha."

Genge halikucheka. Kijana mmoja wa mbele alianza kupiga makofi, wenzake wakamfuata, hata wale waliokuwa nyuma kabisa karibu na nyapara. Nyapara aliishusha mikono kutoka tumboni, akaonekana hajui aiweke wapi. Mwenyekiti akasema kwamba anaona wajumbe wamekubali, na kwamba nyapara naye atafika shamba namba arobaini na tatu Jumatatu asubuhi, pamoja na genge lake, kujifunza.

"Na soksi za mikononi aje nazo," dereva aliongezea kutoka kwenye trekta. Watu walicheka mpaka karani akatoka kibandani kuuliza kuna nini.

Kabla watu hawajatawanyika, bibi alipanda ngazi za kibanda, ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine. Akamwomba katibu daftari la wanachama. Katibu alilifungua kwenye ukurasa wake.

"Ongeza jina chini ya langu," bibi alisema. "Wenye shamba tuko wawili."

"La mwanao?"

"Mwanangu ana trekta lake. La huyu."

Katibu alimtazama dereva, kama wanaume wanavyotazamana wakitaka kuhakikisha. Dereva alikuwa anakaza mnyororo wa trela na hakuinua kichwa. "Mwandike upesi," alisema, "kabla hajaanza kutuwekea masharti na hapo."

Tupa alikuja na mikono iliyojaa utomvu wa miwa. Kalamu iliganda kwenye vidole vyake, ndogo, nyepesi mno kwa mkono uliozoea panga. Katibu alimwonyesha mstari, akamwambia asizidi hapa na hapa. Aliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake. Herufi zilitoka kubwa, zikavuka mstari juu na chini, zikajaza nafasi ya watu watatu, na katibu alingoja mpaka alipomaliza.